Anuarite alianza kusamehe kabla ya usiku ule wa Isiro



Alhamisi iliyopita tulikuwa kwenye jumuiya hapa Mtinko, nyumbani kwa mama mmoja upande wa chini karibu na mashamba ya vitunguu. Rozari ilikuwa imekwisha, Injili imesomwa, tunashirikishana. Somo lilikuwa juu ya kusamehe. Kila mtu akasema yale tunayoyasemaga siku zote, kwamba kusamehe ni vizuri, kwamba Mungu anapenda tusameheane. Ndipo dada mmoja, ambaye kwa kawaida haongei, akauliza swali. Aliuliza kama mtu amekuumiza kweli kweli, na wewe umeambiwa umsamehe, je, maana yake unyamaze na urudi kwake kama vile hakuna kilichotokea? Halafu akaongeza kwa sauti ndogo: na je, ukishindwa kujisamehe mwenyewe kwa kuwa ulikuwepo pale?

Jamani, nyumba nzima ilinyamaza. Mwenyekiti akakohoa. Tukafunga kwa sala na kila mtu akashika njia.

Mimi sina elimu ya seminari. Lakini tarehe 1 Desemba inakaribia, na siku hiyo Kanisa linamkumbuka Mwenye Heri Maria Klementina Anuarite Nengapeta. Wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya shule, kwaya, au shangazi aliyebatizwa Anuarite (wengine wanaandika Anwarite, ni yuleyule). Maisha yake hatuyajui sana. Tunajua tu kwamba alikuwa sista wa Kongo, akauawa, akamsamehe muuaji. Nimeona nisimulie yote, maana nadhani dada yetu ana jibu lake humo ndani.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Matali, karibu na Wamba, kaskazini mashariki ya Kongo, wakati ule ikiwa koloni la Ubelgiji. Kabila lake ni Wabudu. Baba yake aliitwa Amisi na mama yake Isude. Jina alilopewa nyumbani ni Nengapeta, na kwa lugha yao linamaanisha kwamba mali hudanganya. Anuarite lilikuwa jina la dada yake! Alipopelekwa shule, sista aliyekuwa akiandikisha watoto alichanganya majina ya ndugu hao wawili, na kosa likabaki hivyo mpaka leo. Kwa hiyo kila tukimwita Anuarite tunamwita kwa jina la dada yake. Aliyewahi kukosewa jina kwenye cheti anajua usumbufu wake. Yeye aliishi nalo, na akaenda nalo mbinguni.

Alibatizwa mwaka 1943 akiwa mtoto mdogo, pamoja na mama yake.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka, na mimi sitaki kulipita. Katika nyumba ya Amisi na Isude walizaliwa watoto wa kike tu. Amisi alitaka mtoto wa kiume. Alingoja, akangoja, mwisho akamwacha Isude na kuchukua mke mwingine. Isude hakuwa amefanya kosa lolote. Aliachwa kwa sababu ya watoto aliowazaa, na mmoja wa watoto hao ndiye huyu Nengapeta.

Vijana, hebu tusijifanye hatuelewi. Hapa kwetu Singida kuna nyumba ngapi za namna hiyo? Mtoto anakua akijua kwamba baba aliondoka kwa kuwa yeye alizaliwa msichana. Hakuna anayemwambia hivyo wazi, lakini anasikia wakubwa wakiongea jikoni. Mtoto wa namna hiyo anabeba mizigo miwili. Mmoja ni hasira juu ya baba. Wa pili ni mgumu zaidi kuutaja: anajiona yeye mwenyewe ndiye sababu. Anajilaumu kwa kosa ambalo si lake.

Anuarite aliumia kwa jambo lile, na hakulificha. Lakini kwa muda alimsamehe baba yake, na aliwahimiza watu wa nyumbani nao wamsamehe. Angalia kwamba kumsamehe baba hakukumfanya aseme alichofanya baba ni sawa. Mama aliachwa, na hilo lilibaki kuwa baya. Yeye alikataa tu kuishi maisha yake yote akiwa ndani ya lile kosa la baba.

Kwangu mimi, hapo ndipo hadithi ya Isiro inapoanzia, miaka mingi kabla ya risasi.

Alipokuwa binti alivutiwa na maisha ya masista waliomfundisha. Mama yake hakutaka. Tumwelewe mama: mume ameondoka, sasa na binti naye anataka kwenda kuvaa shela ya utawa, nani atabaki naye? Siku moja lori lilikuja kuwachukua wasichana waliokuwa wanakwenda kuanza malezi ya utawa Bafwabaka. Anuarite akapanda kimya kimya, bila kumwambia mama. Isude alimtafuta mpaka baadaye ndipo akajua binti yake amekwenda wapi.

Unaweza kusema ni ushujaa, na ni kweli. Lakini pia aliondoka bila kuaga, na mama aliyekwisha kuachwa na mumewe akaachwa na mtoto, bila hata neno la kwaheri. Sidhani binti mwenye moyo kama wake alilala vizuri usiku ule wa kwanza Bafwabaka. Hili ni wazo langu, silisomi mahali. Ila najua kwamba mtu anaweza kufanya jambo analoamini Mungu amemwitia, na bado akawa amemuumiza anayempenda, na yote mawili akalazimika kuyabeba.

Mama hatimaye alikubali. Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri zake za kwanza katika shirika la Jamaa Takatifu, akiwa na miaka 19. (Ndiyo, jina la shirika ni Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kinazungumzwa sana upande ule wa Kongo.) Siku hiyo wazazi wake walileta mbuzi wawili kama zawadi kwa watawa, ishara kwamba wamemtoa binti yao kwa moyo. Kwetu Wanyaturu hakuna haja ya kueleza mbuzi wana maana gani. Mbuzi akiletwa, kesi imekwisha. Ninapenda kufikiri kwamba siku ile alipowaona wale mbuzi ndipo alipoweza kujisamehe kwa ile safari ya kimya kwenye lori.

Jina la utawa alilopewa ni Maria Klementina. Klementina linatoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya upole na huruma.

Maisha yake Bafwabaka hayana mambo makubwa ya kusimulia. Alifundisha watoto shule ya msingi. Alitunza sakristia. Alipika. Nyumba ya masista wengi ni nyumba ya watu: kuna anayeamka na kisirani, kuna anayeacha sufuria chafu, kuna anayekusema ukiwa umegeuka. Anayedhani konventi ni mbinguni aende akakae wiki moja jikoni kwao. Na tena mama yake alikuja baadaye akitaka arudi nyumbani asaidie familia, na yeye hakurudi. Maumivu yaleyale ya zamani, kwa mara ya pili.

Watawa wana desturi moja ambayo sisi vijana tungefaa kuiiga. Kila jioni wanachunguza dhamiri. Mtu anakaa kimya dakika chache na kuipitia siku: nilimkosea nani, nani alinikosea, nilishikilia nini moyoni. Anaomba msamaha, anatoa msamaha, anakwenda kulala. Kesho anaanza upya. Hakuna muujiza hapo, ni kama kufagia uwanja. Usipofagia siku moja hakuna anayeona. Usipofagia mwezi, wageni wakija utaona aibu.

Na katika ule uchunguzi wa jioni kuna sehemu mbili, sisi tunaiweza moja tu. Kuona makosa tunaweza. Kitu kinachotushinda ni kuyaacha baada ya kuyaungama. Unatoka kwenye kitubio, padre amekuondolea dhambi kwa jina la Kristo, unafika nyumbani unaichimbua tena ileile uanze kujipiga nayo. Kana kwamba hukumu yako ni kubwa kuliko ya Mungu. Padre mmoja aliwahi kuniambia hicho nacho ni kiburi, ila kimevaa nguo za unyenyekevu. Nilikasirika siku hiyo, baadaye nikaona ana haki.

Tuje mwaka 1964.

Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na haikutulia. Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961. Mwaka 1964 waasi waliojiita Simba waliinuka upande wa mashariki, na mwezi wa nane wakaiteka Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Wengi wao walikuwa vijana wadogo wa umri wetu, wengine watoto kabisa, waliopewa dawa na kuambiwa risasi zitageuka maji. Walikuwa na hasira na wazungu, na hasira na serikali, na mapadre na masista wakahesabiwa kuwa upande wa wazungu. Tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kuwaokoa mateka. Tarehe 26 wakashuka Paulis, mji ambao sasa ni Isiro, kisha wakaondoka, na Simba wakarudi wakiwa na uchungu zaidi. Siku hiyohiyo ya tarehe 26 huko Wamba waliuawa mapadre kadhaa pamoja na askofu wa Wamba, Joseph Wittebols.

Siku tatu baadaye, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 29 Novemba, lori la Simba liliingia Bafwabaka. Masista wakaambiwa wapande, wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Wakapanda. Anuarite alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria mfukoni.

Fikiria tu, kwa mara ya pili katika maisha yake anapanda lori asilojua litamfikisha wapi.

Walilala Ibambi. Kesho yake njiani walikutana na mkubwa mmoja wa Simba, Kanali Pierre Olombe. Akageuza safari, wasiende tena Wamba, waende Isiro. Wakanyang'anywa rozari na misalaba yao. Nataka mlishike jina la huyu kanali: Pierre, yaani Petro. Ni jina la Kikristo.

Isiro jioni ile, kanali mwingine, Ngalo, alimwona Anuarite na kusema huyu atakuwa mke wake. Akatengwa na wenzake. Mama Mkuu wao, Mama Kasima, alikataa kumwacha, akasimama naye. Anuarite akakataa, akasema nadhiri yake haimruhusu na kwamba ni heri afe kuliko kutenda dhambi ile. Walimtisha, wakambembeleza, wakamtisha tena. Ngalo alimkabidhi Olombe kazi ya kumlainisha. Baadaye usiku akarudishwa kwa wenzake katika nyumba iliyojulikana kama nyumba ya bluu. Masista walipewa chakula. Yeye hakuweza kula. Aliwaomba wenzake wamwombee.

Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani mtakatifu haogopi. Aliogopa. Chakula hakikupita kooni. Alihitaji wenzake wamshike kwa sala.

Masista walikusanyika chumba kimoja walale. Olombe akarudi. Sasa alimtaka Anuarite kwa ajili ya Ngalo, na sista mwingine, Sista Bokuma, kwa ajili yake mwenyewe. Akawatoa nje awaingize kwenye gari. Walikataa kuingia. Walijaribu kukimbia. Akawakamata, akawapiga kwa kitako cha bunduki. Bokuma alivunjwa mkono. Anuarite alipigwa kichwani, na katikati ya mapigo yale, kwa pumzi iliyobaki, alimwambia Olombe kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui analolifanya. Mnajua maneno hayo yalisemwa kwanza wapi, na nani, akiwa ametundikwa.

Olombe aliposikia hivyo alizidi kuwaka. Akaita Simba wamchome kwa singe. Wakamchoma. Kisha yeye mwenyewe akampiga risasi kifuani. Masista wakamchukua ndani, na huko akakata roho karibu saa saba usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Ilikuwa imebaki chini ya mwezi mmoja atimize miaka 25.

Dada yangu uliyeuliza Alhamisi, rudi kidogo usome tena usiku huo polepole. Anuarite alisema hapana. Alisema hapana kwa Ngalo, akasema hapana kwa Olombe, akakataa kupanda gari, akakimbia. Na mtu huyohuyo, usiku uleule, alisamehe. Hakungoja kwanza akubali ndipo asamehe. Hakunyamaza ili aonekane mwenye kusamehe. Hakuna padre wala katekista wala mama mkwe anayeweza kuchukua jina la Anuarite akakuambia kwamba kusamehe ni kurudi kwa mtu anayekupiga. Mtu akikuambia hivyo mwulize huo usamehevu ameusoma wapi. Unaweza kumsamehe mtu ukiwa umefunga mlango. Unaweza kumsamehe ukiwa umekwenda kutoa taarifa polisi au kwa mtendaji wa kata.

Olombe mwenyewe baadaye alishtakiwa, akahukumiwa, akakaa gerezani, na kisha akatoka. Msamaha wa Anuarite haukuifunga mahakama.

Na ile sehemu ya pili ya swali lako, ile uliyoisema kwa sauti ndogo, imenikalia moyoni zaidi. Ndiyo maana namfikiria Sista Bokuma. Wote wawili walitolewa nje. Wote walipigwa. Mmoja akafa, mmoja akabaki na mkono uliovunjika. Nawafikiria na masista wengine waliokuwa mle chumbani. Usiku kama ule ukipita, mtu anaweza kujiuliza miaka yote iliyobaki: kwa nini yeye na si mimi, ningeweza kufanya nini, kwa nini sikupiga kelele zaidi. Watu waliopona ajali wanajiuliza hivyo. Wanawake waliofanyiwa ukatili wanajiuliza hivyo. Kanisa halijawahi kusema kwamba masista waliopona walikosa kitu. Na wewe uliyekuwepo pale, mahali popote palipokuwa, aliyetenda ubaya ndiye mwenye ubaya wake. Usiibebe dhambi ya mtu mwingine ukaiita yako ukaomba usamehewe. Ni kama yule mtoto wa Amisi aliyezaliwa msichana. Hapo huna cha kusamehewa, una jeraha la kuponywa, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Nenda ukaongee na sista au mama unayemwamini, usikae nalo peke yako.

Turudi kwenye historia. Karibu miaka 21 ikapita. Tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa Kinshasa, na mbele ya umati mkubwa akamtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupewa heshima hiyo. Katika mahubiri yake alitamka hadharani kwamba naye, pamoja na Kanisa, anamsamehe aliyemuua.

Papa huyo hakuwa anasema tu. Miaka minne kabla, tarehe 13 Mei 1981, yeye mwenyewe alipigwa risasi katika Uwanja wa Mtakatifu Petro na Mehmet Ali Ağca, akakaribia kufa. Akamsamehe akiwa bado hospitalini, na tarehe 27 Desemba 1983 akaenda gerezani Roma, akaketi naye kwenye viti vya kawaida, wakaongea kwa sauti ya chini. Akatoka, na Ağca akabaki gerezani. Aliachiliwa na Italia mwaka 2000 tu. Nadhani ndiyo maana aliposimama Kinshasa aliweza kulitaja jambo la muuaji. Padre ambaye hajawahi kuumizwa angeliruka.

Mimi huwa namfikiria Pierre Olombe alipoisikia habari hiyo. Sijui moyo wake, Mungu ndiye anaujua. Ila nasema hivi: kama mtu aliyefanya jambo lile alikwisha samehewa na aliyemfanyia, usiku uleule, kabla hata ya kuomba, basi kilichobaki ni yeye kuupokea. Na kuupokea ni kazi. Inabidi ukubali kwanza kwamba ulifanya. Huwezi kupokea msamaha wa kosa unalosema hukulitenda. Wengi wetu tunaposema tumeshindwa kujisamehe, ukichunguza vizuri, hatujakubali bado. Tunasema nilikuwa na hasira, nilichokozwa, shetani alinipitia. Siku tukisema ni mimi niliyefanya, hakuna mwingine, ndipo mlango unafunguka. Ndiyo sababu kwenye kitubio tunataja dhambi kwa majina yake.

Kwa kuwa nimewaambia wengine, niseme na langu. Mimi na kaka yangu tulilima vitunguu pamoja, shamba la marehemu baba. Mwaka ule bei ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyekwenda kuuza, na nilipopiga hesabu nyumbani nikamwambia bei ya chini kidogo kuliko niliyopewa. Si pesa nyingi. Alikuja kugundua kupitia kwa dereva wa lori. Hakunipigia kelele, aliniuliza tu kama ni kweli, na mimi nikamkasirikia eti anamwamini dereva kuliko mdogo wake! Akaondoka. Sasa yuko machimboni, na mwaka wa pili huu hajaja Krismasi.

Niliungama. Padre alinipa malipizi na akaniambia nimrudishie. Malipizi nilisali siku ileile. Pesa sijarudisha. Na unajua kwa nini? Nilijiambia kwamba bado najisikia vibaya sana, sijajisamehe, ngoja kwanza nipone moyoni. Miezi inapita mimi naugulia moyo wangu huku pesa ya kaka iko kwangu. Nilipokuwa naandika habari za wale mbuzi wawili wa Bafwabaka ndipo nilipocheka mwenyewe. Nilitaka amani ya siku ile bila kupeleka mbuzi.

Kwa hiyo jana nimeuza gunia mbili za alizeti nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya mbegu na mahitaji ya msimu. Leo asubuhi nimekwenda kwa wakala hapa senta nikamtumia kaka pesa yote, ile niliyoficha na nyongeza kidogo. Nikamwandikia ujumbe kwamba dereva alisema kweli. Mpaka sasa hajajibu. Inawezekana hajauona, kule machimboni mtandao unasumbua. Inawezekana ameuona na anafikiri. Hiyo ni haki yake, na mimi simharakishi.

Tarehe 1 Desemba tutakuwa na misa ya asubuhi, tujitahidi tufike kabla ya kwenda mashambani, maana mvua zikianza hakuna atakayekumbuka. Jioni kabla ya siku hiyo, kila mmoja nyumbani kwake azime simu dakika kumi na achunguze dhamiri kama wanavyofanya Jamaa Takatifu: nani alinikosea, nilimkosea nani, na ni kipi nimekwisha samehewa ambacho bado nakishikilia. Na yule dada yetu, kama unasoma hapa, Alhamisi ijayo jumuiya ni kwetu. Mama amesema uje mapema, yeye mwenyewe anataka kuongea na wewe kabla watu hawajafika.

Mwenye Heri Maria Klementina Anuarite Nengapeta, utuombee.